Siku Shangazi Aliponililia Nikiwa Jikoni

Siku hiyo tulikuwa hawa: mimi niliye kifungua mimba, dada yangu anayenifuata, aliyejitanda leso nyeusi kwa sababu kwenye filamu yeye ndiye mjane, kitinda mimba wetu, ambaye filamu ilikuwa yake, rafiki zake wawili wa chuo, mmoja wa kamera na mwingine wa kinasa sauti alichokifunga kwenye mti wa ufagio, akina mama wa mwethya pamoja na mwenyekiti wao, kwaya ya kanisa letu, wazee watatu waliojifanya wapeleka mahari waliopotea njia, wanaume wawili wa kuchinja, na muuza nyanya wa soko la Kathonzweni, ambaye kwenye filamu ndiye aliyedhaniwa amekufa. Hao ndio tuliowaalika. Shangazi hakualikwa. Alikuja mwenyewe, na mbuzi.

Nawataja wote kwa sababu tangu siku ile kila mmoja anaisimulia kana kwamba alikuwa peke yake pale uani, na kwa masimulizi ya wengine mimi hata sikuwepo. Nilikuwepo. Nilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, nikikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria ya kanisa.

Ndugu yangu alikuwa akiitengeneza filamu hiyo kila likizo, kipande kipande. Ilikuwa na hadithi tatu za siku moja. Wazee wanapeleka mahari na wanaingia boma lisilo lao. Kwaya imekubali kuimba harusini na matangani siku hiyo hiyo, na haina nguo za kubadilisha. Muuza nyanya anasafiri bila kuaga, na nyumbani wanaletewa habari kwamba amekufa ajalini. Hadithi hizo zinapishana sokoni bila watu kujuana, na mwisho wote wanakutana kwenye mazishi ya muuza nyanya, na yeye mwenyewe anatokea akiwa na kreti lake begani. Mtu acheke, kisha ajiulize mbona anacheka. Ndivyo alivyonieleza.

Hadithi zote alikuwa ameshazipiga. Yaliyobaki ni mazishi.

"Sina watu," akaniambia. "Mazishi bila watu ni nini?"

"Mimi ninao," nikamjibu kabla sijafikiri.

Watu wangu walikuwa mwethya. Kwetu hicho ni kikundi cha kusaidiana kazi: leo tunachimba mitaro ya kuzuia udongo shambani kwako, wiki nyingine kwangu. Hakuna anayelipwa. Unalipa kwa mikono, zamu kwa zamu. Wazazi wetu walipofariki nikiwa kidato cha pili, niliacha shule nikaenda kuomba kuingia kikundini mahali pa mama. Wengine walisema mimi ni mtoto, sitaweza sururu. Mwenyekiti akasema, "Mikono yake itakua." Imekua. Dada amesoma hadi akawa muuguzi, ndugu yangu amefika chuo, na kwa miaka yote hiyo sijakosa zamu ya mtu.

Zamu yangu mwaka huo iliangukia Ijumaa, mvua ikiwa karibu kabisa. Mitaro yangu ilikuwa imejaa udongo, na shamba langu liko mteremkoni. Hata hivyo nilikwenda kwa mwenyekiti.

"Unataka tuje tuchimbe ama tuje tulie?" akaniuliza, akichambua ndengu kwenye ungo bila kuniangalia.

"Mlie, mama."

"Tumlilie nani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu. Haya. Na mitaro?"

"Itangoja."

"Hiyo mvua umeongea nayo?"

Akapepeta ungo, akapuliza makapi. "Tutakuja. Lakini tukilia, umekula zamu yako. Usije mwezi ujao kuniambia udongo umeenda. Na kaburi hatuchimbi. Shimo la mtu lisilo na mtu sitalisimamia mimi. Mtatumia mtaro wako wa mwaka jana, na huyo mwenye kamera ajue pa kusimama."

Kamera yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Machakos, na Jumamosi asubuhi aliitaka mkononi kwa sababu alikuwa na harusi ya kupiga. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa hiyo, au ndugu yangu akae na filamu isiyo na mwisho mpaka Mungu ajue lini. Hata akiipata kamera tena, watu hao nisingeweza kuwaita mara ya pili. Nilikuwa na zamu moja tu, na nilikuwa nimeshaitoa.

Jeneza lilitushinda. Fundi wa sokoni alisema jeneza likishatolewa nje na kurudishwa halinunuliki. Basi tukatoa kabati langu la nguo, nguo nikazimwaga kitandani, tukalilaza kabati chali na kulifunika leso. Lilikuwa na kioo mlangoni.

Kuhusu simu, kosa lilianza na agizo langu mwenyewe. Alhamisi wazee walipokuwa wanafanya mazoezi ya mazishi, simu ya mmoja wao ililia katikati ya maneno, kwa sauti ya pambio na makofi, na ndugu yangu akakaa chini kwenye vumbi akashika kichwa. Nikachukua karai, nikapita kwa kila mtu: zima, weka humu. Yangu ilikuwa ya kwanza kuingia. Jioni watu walichukua simu zao, mimi nikawahi kuni na maharagwe, na yangu ikabaki ndani ya karai imezimwa. Ya ndugu yangu haikuwa na moto kwa sababu alishinda akiangalia picha. Dada alikuwa zamu ya usiku katika hospitali ya mji wa Wote, na huko simu huwekwa kabatini. Hatukujua kwamba sote watatu tulikuwa hatupatikani, na kwamba mtu alikuwa akitutafuta.

Mtu huyo alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Kitui. Mfanyabiashara wa ndengu aliyepita kwetu Alhamisi aliona hema na viti vya plastiki vikishushwa. Akauliza njiani kuna nini, akaambiwa kesho ni mazishi. Alipofika Kitui akapita kwa shangazi kumpa pole.

Ni lazima nieleze jambo moja hapa. Baba alipozikwa, shangazi alichelewa. Gari liliharibika, na alipofika alikuta udongo umeshasawazishwa na watu wanakula. Aliapa mbele ya wote kwamba katika nyumba ile hatachelewa tena. Na mimi nina jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu msichana wa kwanza kupewa jina la nyanya upande wa baba. Kwa hiyo tangu nizaliwe shangazi hajawahi kuniita mtoto. Huniita *mwaitu*, yaani mama yangu. Akinituma maji huniambia, "Mwaitu, niletee maji."

Alitupigia simu usiku kucha. Hakuna aliyeshika. Akafungua zizi, akatoa beberu wake mweusi, na kabla ya jua alikuwa barabarani, asijue ni nani kati yetu watatu anakwenda kumzika.

Kwetu asubuhi iliharibika mapema. Mawingu yalitanda juu ya vilima mpaka akina mama wakawa wanaangalia juu kila wakizungumza. Kwaya ilichelewa. Ndugu yangu alikuwa akivuta ncha ya sikio, kitu anachofanya tangu akiwa mdogo akiogopa. Na alikuwa amewaahidi watu nyama jioni. Mbuzi hatukuwa naye. Wale wanaume wawili wa kuchinja walikuwa wameketi chini ya mgunga karibu na njia, wananoa visu, na kila nikipita wananiuliza:

"Dada, hiyo nyama nayo ni ya filamu? Tutafune hewa?"

"Inakuja," nikasema. Sikujua inatoka wapi.

Tulijaribu mara ya kwanza. Akina mama walianza kulia vizuri, kisha mmoja akachungulia kabatini akasema, "Aki huyu marehemu ananuka dawa ya nondo," wote wakaangua kicheko. Mara ya pili mzee mmoja wa mahari akasahau maneno yake, akauliza kama chakula kimeiva. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa mpaka wabebaji walipoinama mtaroni. Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, kioo kikammulika mwenye kamera, na pale kiooni tukajiona sote tumesimama kama wajinga.

Upepo ukageuka, ukaja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine.

"Mara ya mwisho," ndugu yangu akasema, sauti imekauka. "Tafadhalini. Hakuna nyingine. Chochote kitakachotokea, msisimame." Akaniangalia mimi, si wao. Nikamwitikia kwa kichwa nikarudi jikoni, kwa sababu muthokoi ulikuwa unashika chini.

Kwaya ikaanza. Akina mama wakaingia kwa chini chini, sauti moja juu ya nyingine, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilishika mwiko bila kukoroga. Nilikuwa nahesabu hatua zao kwa masikio: sasa wanabeba, sasa wanashusha, sasa muuza nyanya atoke nyuma ya choo.

Ndipo nikasikia sauti isiyokuwa ya kikundi.

Ilianzia njiani, ikapita mgungani, ikaja mbio. Nilisikia dada akisema "Shangazi?" kwa sauti ambayo si ya mjane wa filamu. Baadaye waliniambia alivyofanya: alimshika dada kichwa kwa mikono miwili, akamwachilia, akamtazama ndugu yangu kando ya kamera, kisha akageukia kabati lililofunikwa leso.

"Mwaitu!" akalia. "Mwaitu, wewe! Nani atanipokea mlangoni, mwaitu! Hukungoja hata nikuone!"

Akina mama walidhani anamlilia mama yetu aliyetangulia, wakamlilia naye, na kilio kikapanda kikawa kitu kingine kabisa. Kwaya ikaimba kwa nguvu ili isizidiwe. Hakuna aliyejua. Nilijua mimi peke yangu, nyuma ya ukuta, na mwiko mkononi: shangazi alikuwa ananililia mimi.

Niliona yote kwa mara moja. Nikitoka, picha imeharibika, na hakuna nyingine. Nisipotoka, mwanamke aliyetulisha mtama wake mwaka wa njaa anapasuka moyo mbele ya kabati la nguo. Nilisogea mpaka kwenye pembe ya nyumba. Ndugu yangu aliniona. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bega la mwenye kamera, mwingine sikioni. Aliniuliza kwa macho, kama alivyoniuliza maishani mwake mwote: nifanyeje?

Tone la kwanza la mvua likaniangukia mkononi.

Nikatoka. Nilitembea kati ya watu na aproni yangu na mwiko unaodondosha uji wa muthokoi, nikasimama upande wa pili wa kabati, nikasema, "Shangazi, mimi huyu hapa."

Aliinua uso. Sijawahi kuangaliwa vile, na sitaki tena. Watu walinyamaza mmoja mmoja, kwaya ya mwisho. Shangazi akazunguka kabati polepole, akanigusa shavu kwa kidole kama mtu anayejaribu moto wa pasi. Kisha akanipiga begani kwa kiondo chake, pa!

"Unapika!" akafoka. "Mimi nakulilia, wewe unapika!"

Akanikumbatia, akalia upya, na mimi nikalia, na dada akaja na leso yake ya ujane akatukumbatia wote wawili.

Muuza nyanya alikuwa amekaa nyuma ya choo akingoja, hakuona chochote. Aliposikia kimya akajua ndiyo zamu yake. Akatokea na kreti begani, akatazama umati, akatoa maneno yake kama alivyoagizwa:

"Jamani, leo tunamzika nani?"

Sijui aliyeanza kucheka. Nafikiri ni mwenyekiti. Walicheka huku wamelowa machozi, wazee wameshikana mabega, kwaya imeinama, na shangazi akamgeukia yule mtu akasema, "Ni kabati!" Hapo mvua ikafunguka yote. Ndugu yangu aliikumbatia kamera ndani ya shati akakimbilia hemani.

Hakuwa amesimamisha. Yote iliingia.

Tulibanana chini ya hema. Shangazi alikalia kabati, tulilokuwa tumeliburuta lisilowe, akapewa sahani. Hakuigusa. Tulimweleza yote, hema, simu, karai. Alisikiliza akimtazama ndugu yangu.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa."

"Hakuna, shangazi."

"Na hiyo mashine yenu imenichukua nikilia."

"Ndiyo, shangazi. Kama hutaki, nitafuta. Sasa hivi." Mkono ukaenda sikioni. Akifuta, hana filamu. Sikumzuia, kwa sababu machozi yale hayakuwa yangu kuyatoa.

Shangazi akafikiri. Mvua ilipiga hema kama mahindi yanayomwagwa.

"Leso yangu ilikuwa imekaa sawa?"

"Sawa kabisa."

"Basi wacha ikae. Nimelia kweli, sitakuja kulia tena bure." Akaweka sahani chini. "Sasa nipeni mbuzi yangu niende, kabla mto haujajaa."

Nikawaangalia wale wanaume wawili. Mmoja akaanza kuangalia miguu yake.

"Mama," yule mwingine akasema, "si ulitupatia pale mgungani? Ulisema, shikeni."

"Nilisema shikeni! Nilisema chinjeni?"

"Tuliambiwa nyama inakuja. Ikaja."

"Iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Ngozi nyeusi ilikuwa imetundikwa mgungani, mvua inaiosha.

Wazee watatu wa mahari walijadili jambo hilo kwa uzito kuliko walivyowahi kuigiza. Mmoja akasema mbuzi wa msiba akishaingia boma harudi. Mwingine akasema msiba haukuwepo, kwa hiyo huyo si wa msiba, ni mgeni aliyeuawa. Nikamwambia shangazi tutamlipa, atupe muda mpaka mavuno. Akakataa kwa mkono.

"Pesa sitaki, na mbuzi ya mavuno sitaki. Hiyo niliileta kwa mazishi. Mtairudisha kwa mazishi." Akajigonga kifua. "Yangu. Beberu, mweusi, amenona kama huyo. Wewe ndiye utakayemleta, mwaitu. Na usichelewe."

Akachukua sahani akala, na alipoletewa maini hakuyakataa.

Mvua ile ilibeba udongo wangu. Asubuhi nilikuta sehemu nzuri ya shamba imelala kwa jirani, mitaro imesawazika, na jirani ananishukuru. Sikumlalamikia mwenyekiti. Alipita, akasimama ukingoni na sururu yake begani, akatikisa kichwa, akaenda kwenye zamu ya mwingine, na mimi nikamfuata kwa sababu nilikuwa na zamu ya kulipa huko.

Filamu ilikwisha. Tuliionyesha katika ukumbi wa kanisa, kwenye shuka nne zilizoshonwa pamoja, na shangazi alikuja tena kutoka Kitui akaketi mbele. Aliwacheka wazee wa mahari mpaka akakohoa. Ilipofika mazishi akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka nilipoonekana kwenye shuka na mwiko wangu. Mtu nyuma yetu akasema, "Huyo mama anajua kulia." Shangazi akageuka. "Ni mimi," akasema. "Na huyu hapa ndiye maiti."

Ndugu yangu sasa anaandika nyingine. Anataka tena watu wangu. Nimemwambia angoje nichimbe mitaro kwanza.

Beberu ninaye. Nilimnunua mdogo, mweusi mwili mzima, na namlisha kando na wengine. Wachuuzi wa mnadani wamempigia bei mara nyingi, nakataa, nao wanauliza anangoja nini. Simu yangu siku hizi haizimwi. Ikilia alfajiri na ni namba ya Kitui, naketi kitandani kwanza ndipo niishike.

"Mwaitu," anasema, "deni langu linaendeleaje?"

"Limenona, shangazi."

"Limenona sana?"

"Kiasi."

"Lipunguzie majani," ananiambia. "Mimi sina haraka."